Mwanangu, begi lako ulifunge mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani hatujambo, bibi yako presha inapanda inashuka lakini anakula, na masika yameanza kwa fujo toka Jumatatu. Nimeona nikuandikie mana kwenye simu unanikatisha, unasema mama nshakuelewa, alafu nikishakata ndo nakumbuka nilichotaka kusema. Hii huwezi kunikatisha.

Umesema tiketi ya Guangzhou ishatoka. Sawa, sikukatazi, na wala usidhani sijivunii. Mtoto wa kike umeanza na meza ya vijora leo unakwenda China kufata mzigo kwa hela yako, nani mwengine kwenye ukoo wetu kafanya hivyo. Ila begi lako ulipange mwenyewe, ulifunge mwenyewe, na usibebe kitu cha mtu. Cha mtu yoyote. Hata akiwa yule rafiki yako mnayekula sahani moja, hata akisema ni dawa za mama yake, hata ikiwa ni mfuko wa dagaa anampelekea kaka yake anayesoma huko. Mwambie mama kakataza, mimi nibebeshe lawama yote.

Sasa lile uliloandika kwenye grupu la familia nimelisoma mara tatu. Umeweka habari ya yule rais wa zamani wa Honduras, Juan Orlando Hernández, kahukumiwa miaka 45 kule New York Juni 2024, waendesha mashtaka wanasema alisaidia kupitisha tani zaidi ya 400 za kokeni kwenda Marekani, alafu Desemba mosi 2025 katoka, Trump kamsamehe. Chini yake ukaandika kama huyu katoka mjomba bado anafanya nini ndani. Shangazi yako akakujibu alivyokujibu, ukanuna ukatoka kwenye grupu. Kwanza urudi. Shangazi ni shangazi, hata akikosea huwezi kumfungia mlango usoni, na mimi ndo naulizwa mwanao kalelewa wapi.

Mimi sikujibu pale sababu jambo hilo halijibiwi kwa meseji. Wewe umeliona juzi, mimi naishi nalo toka ndugu yangu afungwe kwa madawa. Kila Aprili 26 na kila Desemba 9, Rais anaposamehe wafungwa, mimi nakaa na redio. Namba nimeziandika nyuma ya daftari la kikoba, Desemba 2019 wafungwa 5,533, Aprili 2021 wakasamehewa 5,001, Desemba ya mwaka huo huo 5,704. Kila nikisikia elfu kadhaa moyo unaruka nasema safari hii hakosi, mtu mmoja tu kati ya elfu tano, alafu karibu kila mara inakuja ile orodha ya wasiohusika, wa kunyongwa, wa kifungo cha maisha, wa unyang'anyi wa silaha, wabakaji, wa rushwa, na wa dawa za kulevya. Nikifika hapo nazima. Bibi yako anauliza wamesema nini, namwambia betri imeisha. Sijui kama ananiamini, mtoto ni wake yule.

Muungano unakuja tena wiki ijayo na betri nimeshanunua.

Usiniambie sheria hairuhusu, hata huyo shangazi yako anasema hairuhusu, si kweli. Mwalimu hapa mtaani alinionyesha kwenye Katiba, ibara ya 45, Rais anaweza kusamehe kwa masharti au bila masharti, na anaweza kupunguza adhabu tu bila kufuta kosa. Na tumeona kwa macho. Desemba 2017 Magufuli pale Dodoma aliwataja wale wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, watu wa kifungo cha maisha, na kosa lao, kubaka watoto, ni katika yale yale ya kwenye orodha. Watu mtaani walipiga vigelegele kwa sababu ya nyimbo zao, mimi nilikaa jikoni nikasema kumbe mlango una ufunguo. Baadae nikawafikiria mama za wale watoto waliosemwa kwenye ile kesi, nikaona aibu ya furaha yangu. Unaona jambo lenyewe lilivyo, huwezi kulishika upande mmoja.

Jirani yetu wa mlango wa pili unamjua na unajua kilichompata mwanae, sina haja ya kukusimulia. Yeye aliposikia nalalamika siku moja aliniambia taratibu tu, mama Zuhura, ndugu yako unaweza kwenda kumuona Jumapili. Hakuongeza neno. Nilikua na jibu? Sikua nalo. Yule mdogo wa huyo mwanae anakwenda hospitali ya Bombo kila siku ya Mungu kunywa methadone, dawa ya kuachia unga, mvua jua, anasindikizwa na mama yake kama mtoto wa chekechea, mana mama haamini tena kumwachia njia. Unga ule unaingia kwa majahazi kutoka huko Makrani, pwani ya Iran na Pakistan, unapita pwani yetu, mwingine unabaki hapa hapa kwa watoto wetu. Sasa wewe ukisema wasamehewe wote, kasimame kwenye mlango wa yule mama useme. Mimi nimeshindwa.

Ndo mana sisemi wote. Ile hoja yako ya Obama nimeielewa, kwamba alipunguzia watu 1,715 na wengi wao kesi za madawa, na Biden Januari 2025 siku chache kabla ya kuondoka akapunguzia karibu 2,500. Lakini mwenyewe umeeleza kwanini, kule walikua na sheria ya mwaka 1986 inayomhesabu mwenye gramu moja ya kreki, kokeni ya kuvuta, sawa na mwenye gramu mia za kokeni ya unga, na wenye kreki wengi walikua masikini weusi, baadae wakaona wamewapiga kupita kiasi. Hao walikaguliwa faili kwa faili. Huyo wa Honduras ni habari nyingine kabisa, huyo ni mkubwa kapata simu ya mkubwa mwenzie. Ukiyachanganya haya mawili unawapa watu sababu ya kukataa yote. Ukiandika tena, tenganisha. Una akili nzuri lakini una haraka, toka mdogo, na haraka hiyo sijui umeitoa wapi. Kwangu labda.

Mimi ningetaka waangalie mtu mmoja mmoja. Huyu alikua na kilo ngapi, alikua mwenye mali au punda wa kubebeshwa tu, amekaa miaka mingapi, nje ana nani. Punda aliyekaa miaka 12 baada ya hukumu, na minne ya mahabusu juu yake mana dhamana hakuna, apunguziwe hata mitano nitashukuru, sitaki wamwambie hana kosa.

Na hapo ndo narudi kwenye begi. Umesoma habari za Mary Jane Veloso? Mfilipino, mama wa watoto wawili, anatafuta kazi za ndani nje ya nchi kama wanavyokwenda watoto wetu Oman. Aprili 2010 akakamatwa uwanja wa ndege Yogyakarta, Indonesia, sanduku lake limeshonewa heroini kilo 2.6. Anasema sanduku alipewa na hakujua. Akahukumiwa kifo mwaka huo huo. Desemba 2014 rais wa kule, Joko Widodo, akatangaza kwamba maombi ya msamaha ya wafungwa 64 wa madawa waliohukumiwa kifo atayakataa yote, wote kwa pamoja, bila kusema huyu vipi na yule vipi. Aprili 29, 2015 usiku wakapigwa risasi wanane. Yeye akatolewa dakika za mwisho sababu mwanamke anayedaiwa kumtuma alijisalimisha Ufilipino. Kwao karudishwa Desemba 2024, na karudi akiwa mfungwa bado, ndugu zake wakaanza upya kumuomba rais wao. Miaka 14, wale watoto wamekua. Alisema hakujua na mimi namuamini, lakini imemsaidia nini kusema hakujua?

Na wewe unakwenda China. Sheria yao heroini gramu 50 tu, au yale madawa wanaita aisi, ni kuanzia miaka 15 mpaka maisha mpaka kifo. Gramu 50 nimepima kwenye mzani wa duka, sukari vijiko vinne vya chakula. Vinne mwanangu. Inakaa kwenye soli ya kiatu, inakaa kwenye kopo la mafuta ya nywele. Ukishikwa huko hakuna Aprili 26 wala Desemba 9, nitakaa na redio ya nani?

Mjomba nae alisema begi la mtu. Alipewa ampelekee jamaa, atapewa cha kupewa akifika. Mwenye begi hakuonekana mahakamani hata siku moja, mimi nilihudhuria tarehe zote mpaka ile ya 2014 aliposomewa miaka 25, nilikua nawaangalia watu kwenye mabenchi nasema labda ni huyu, labda ni yule.

Bati za chumba chako zinavuja tena, upande wa dirisha, nimetega beseni. Fundi anasema misumari imeoza, kung'oa na kubadilisha laki mbili na nusu na bati tatu mpya, mimi nikamwambia asubiri. Sio kwamba hela haipo kabisa, kikoba nimebakiza zamu moja. Ila nikipanda kwenye kiti kuziangalia zile bati sitaki kuzigusa. Siku ya kuezeka unaikumbuka, ulikua na miaka tisa ukala pilau mpaka ukaumwa tumbo. Ni 2009, mjomba ndo katoka safari yake ya kwanza. Bahasha ya kaki, milioni mbili na nusu, akanishikisha mlangoni hata hakuingia ndani. Fundi redio yule. Nilikua najua fundi redio anaingiza kiasi gani kwa mwezi mana mimi ndo nilikua namuwekea akiba. Nikahesabu mara mbili nikaenda kununua bati. Sikumuuliza. Mwaka uliofata akaja kuniaga safari ya pili, nikamwambia na mlango wa nyuma bado.

Basi ndo hivyo. Unaposema mjomba alionewa mimi nanyamaza, sio kwamba nakubaliana na wewe.

Mdogo wako anasoma vizuri, hesabu bado zinamsumbua, mwalimu wa twisheni kapandisha kutoka elfu tano mpaka elfu saba kwa wiki. Ukiweza nisaidie hapo, ukishindwa usijitese, mtaji usiuguse. Nazi zimepanda bei siku hizi tunapikia karanga, bibi yako analalamika kila mlo. Na ile kabati uliyoacha nimempa shangazi yako aweke vyombo vya biashara, nilitaka kukuambia kabla nikasahau, usije ukanuna tena.

Alafu mengine ya safari. Ukifika uwanjani usimshikie mtu begi hata akienda chooni. Ukiwa hotelini chumba kimoja na wenzio, sanduku lifunge kila ukitoka hata kama unakwenda kuchukua chai. Ukinunua mzigo, risiti zote weka pamoja na pasi yako. Na kama kuna mtu kakusaidia nauli, au kakuongezea mtaji, hapa nakuuliza wazi mana ile mara nyingine sikuuliza, tiketi umenunua kwa hela ya nani? Umesema umeweka akiba, na mimi nimekuamini, lakini nipigie hesabu. Umeuza vijora vingapi, kwa faida gani, kwa miezi mingapi. Usikasirike. Nitajie tu namba nami nitaziandika kwenye daftari, na zikikaa sawa nitalala.

Kama hazikai sawa niambie vile vile. Hela ya mtu inarudishwa, tutauza kiwanja cha Pongwe, tiketi iache ipotee. Sitokupigia kelele.

Jumapili nakwenda kumuona mjomba wako. Ameomba sabuni, dawa ya meno na zile miwani za kusomea, za zamani zimevunjika mkono. Anasoma sana sasa, anafundisha wenzie kuandika. Anauliza habari zako kila nikienda, nimemwambia unakwenda China, akakaa kimya muda mrefu alafu akasema mwambie anunue kufuli. Hajasema jingine.

Basi kufuli nimenunua, zito, la funguo mbili. Nitampa kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi Jumatano, limefungwa kwenye kitenge cha zambarau pamoja na kashata za bibi yako, ukaripokee Magufuli stendi kabla ya saa saba. Funguo zote mbili zimo humo, moja ubaki nayo shingoni. Ukipokea nipigie, usiandike meseji, nataka kukusikia.

Mama yako.