Kabla hujanunua skana ya negativu, fungua kwanza boksi la picha

Wateja wanaofika dukani kwetu hapa Dar es Salaam na bahasha za picha za zamani huuliza mapema sana: "Ninunue skana gani, nifanye mwenyewe nyumbani?" Nasi hurudisha swali: nyumbani una nini hasa? Skana inayomfaa mwenye slaidi mia tatu za baba yake haimfai mwenye albamu za harusi za miaka ya 80, na mtu anaweza kutumia pesa nyingi akaishia na mashine ambayo negativu zake (zile filamu ambazo picha zilitolewa) haziingii.

Kwa hiyo tandika kitambaa safi mezani, zima pangaboi, kisha fungua boksi.

Vipande vyembamba vyenye matundu pembeni, kila kimoja na picha nne au sita, ni filamu ya milimita 35. Ndiyo iliyotumiwa na kamera nyingi za nyumbani hadi kamera za dijitali zilipoingia. Zile zenye rangi ya chungwa ni negativu za rangi. Za kijivu ni nyeusi na nyeupe. Picha yenyewe ni ndogo, milimita 24 kwa 36 tu. Ukikuta negativu za mraba, kubwa, zisizo na matundu, hizo ni filamu ya 120, iliyopendwa sana na mastudio ya zamani, na zina upana wa sentimita zipatazo sita. Slaidi utazitambua kwa fremu yake ya karatasi ngumu au plastiki, sentimita tano kwa tano, na ukiinua moja kwenye mwanga unaona picha yenye rangi zake halisi.

Lakini familia nyingi hukuta picha za karatasi tu, negativu hakuna. Sababu inaeleweka. Mpiga picha wa mtaani alipiga harusi, akapeleka filamu kusafishwa, akauza picha kwa wageni, na negativu akabaki nazo yeye ili anayetaka kopi arudi kwake. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, usinunue skana ya filamu. Kwanza ulizia kama yule mpiga picha au watoto wake bado wana yale maboksi; tumeshaona negativu za harusi zikipatikana hivyo, miaka mingi baada ya wenyewe kukata tamaa. Zikikosekana, skana nzuri ya kioo, ile unayolaza picha juu yake, itakutosha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, inakupa zaidi ya megapikseli nane.

Hapa kuna jambo moja la kuangalia. Printa za ofisini zenye skana haziwezi kuskani negativu, hata kama kioo ni kikubwa. Negativu inahitaji mwanga upite ndani yake, kwa hiyo lazima skana iwe na taa kwenye mfuniko. Ukiweka negativu kwenye mashine ya kawaida utapata kipande cheusi tu.

Namba kubwa kwenye boksi

Skana za filamu za nyumbani ziko za aina tatu, na tofauti zake haziko pale muuzaji anapokuonyesha.

Ya kwanza ni skana ya kioo yenye taa juu. Epson Perfection V600 ndiyo inayojulikana zaidi. Inapokea milimita 35, slaidi, filamu ya 120 na picha za karatasi, na kwa familia nyingi tunazohudumia ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu boksi la familia mara nyingi lina kila kitu kidogo kidogo. Inabeba fremu 12 za negativu kwa mara moja, au slaidi nne. Kwenye boksi la skana imeandikwa dpi 6400. Usiichukue namba hiyo kama ilivyo. Watu waliopima skana hizi kwa vipimo maalumu hupata kama robo ya hiyo kwa undani halisi. Zinazobaki ni pikseli zinazojaza faili bila kuongeza chochote kwenye sura ya mtu. Kwa filamu ya milimita 35, undani huo ni megapikseli tatu na nusu hivi. Inatosha kabisa kwa simu na kwa kuchapa sentimita 13 kwa 18. Kwa kutundika picha kubwa ukutani haitoshi. Ila filamu ya 120, kwa kuwa negativu yenyewe ni kubwa, inatoka vizuri mno kwenye mashine hiyohiyo.

Ya pili ni skana maalumu ya filamu, kama Plustek OpticFilm 8100 na 8200i. Hizi zinapokea milimita 35 na slaidi tu. Undani wake halisi unapita dpi 3000, na tofauti unaiona kwa macho: nywele, shanga za bibi harusi, maandishi ya ubao ulio nyuma. Gharama yake ni muda. Trei unaisukuma kwa mkono fremu moja baada ya nyingine, na mkanda wa picha 36 unaweza kukumalizia jioni nzima. Kwa slaidi nzuri, au kwa mtu aliyekuwa na kamera nzuri na mkono mzuri, tunaona inastahili.

Ya tatu ni vile vidude vidogo vyenye skrini yake, kama Kodak Slide N Scan. Hiki kwa kweli ni kamera ndogo inayopiga picha ya negativu, sekunde chache kwa kila moja, na kuihifadhi kwenye memori kadi bila kompyuta. Kinapata umeme kwa waya wa USB. Kasi yake ni faida kubwa kwa mwenye mamia ya negativu anayetaka kwanza kujua ndani yake mna nani. Lakini faili zake ni JPEG tu, kivuli kizito hugeuka weusi mtupu, pembe za picha hukatwa kidogo, na vumbi utalisafisha mwenyewe. Tunashauri kitumike kuchagua, kisha zile ishirini au thelathini za thamani ziskaniwe upya kwa mashine bora. Filamu ya 120 haiingii.

Kama hakuna mwingine katika ukoo atakayeitumia mashine, na boksi lako halizidi mikanda michache, hesabu inaonyesha ni nafuu kulipia kazi kuliko kununua. Tunasema hivi ingawa skana nazo tunaziuza.

Infraredi, na pale inapoharibu

V600 na 8200i zina miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayotafuta vumbi na mikwaruzo. Rangi za filamu zinapitisha miale hiyo, vumbi linaizuia, basi programu inajua wapi pa kuziba. 8100 haina, hiyo herufi "i" ndiyo unayolipia. Kwa negativu za rangi zilizokaa miaka thelathini kwenye droo, inaokoa saa nyingi za kazi.

Izime unapoweka negativu nyeusi na nyeupe za kawaida. Picha zake zimetengenezwa kwa chembe za fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi lenyewe, kwa hiyo mashine itaona uso wa babu yako ni uchafu na kujaribu kuufuta. Slaidi za Kodachrome pia huleta shida hiyo. Utazijua kwa jina lililochapwa kwenye fremu. Kodak walianza kuziuza mwaka 1935 wakasimamisha 2009, na maabara ya mwisho kuzisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kuzipokea mwishoni mwa 2010. Zikitunzwa gizani rangi zake hudumu kuliko slaidi nyingi za enzi yake, kwa hiyo ukizikuta kwenye sanduku la mwalimu au daktari aliyesoma nje, zishike kwa heshima.

Unyevu wa Pwani

Hapa ndipo tunapoomba usubiri kidogo, kwa sababu madhara mengi tunayoletewa hayakusababishwa na skana. Yamesababishwa na mikono iliyosafisha.

Ukungu ndio adui wa filamu zilizokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja. Unaonekana kama nyuzi nyembamba au mizizi inayotambaa juu ya picha. Unakula jelatini, ile tabaka laini inayobeba picha, na jelatini iliyoliwa huyeyuka ikiguswa na maji. Mtu anafuta kwa kitambaa chenye maji, na uso wa mama yake unatoka pamoja na ukungu. Usitumie maji, mate, sabuni wala ncha ya kanga. Vumbi la kawaida litoe kwa kipulizio cha mpira, kile cha kusafishia lenzi, na usipulize kwa mdomo. Shika filamu kwenye kingo, ukivaa glavu za pamba. Ukungu mzito mletee anayeujua, au iskani filamu hivyohivyo ilivyo na umpe mtaalamu arekebishe faili badala ya filamu.

Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, plastiki ya filamu yenyewe inaoza. Tenga filamu hizo mbali na nyingine na uziskani kwanza, kwani zitaendelea kujikunja na kusinyaa.

Wakati wa kuweka filamu, upande unaong'aa ndio mgongo. Upande uliofifia ndio wenye picha. Maandishi ya pembeni yakisomeka sawasawa, unatazama kutoka upande unaong'aa, na picha haijageuzwa kushoto kulia. Iliyojikunja ilaze ndani ya kifuko chake chini ya vitabu vizito siku kadhaa, kwa sababu ikigusa kioo inaacha miduara ya rangi kwenye picha. Kama umeme wa mtaani kwenu hukatika, weka kompyuta na skana kwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika.

Picha za kutumia kila siku hifadhi kwa JPEG. Zile za thamani hifadhi TIFF ya biti 48, aina ya faili kubwa inayotunza undani wote: fremu moja ya milimita 35 kwa dpi 2400 itachukua megabaiti 46 hivi, basi andaa diski ya nje, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Faili lipe jina lenye mwaka, mahali na watu, na fanya hivyo wazee wakiwa wamekaa karibu na wewe. Shangazi anaweza kumtaja kila aliyesimama mstari wa nyuma, skana haiwezi.

Ukituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, tuma kama hati, usitume kama picha, maana WhatsApp hubana picha na undani wote ulioutafuta unapotea. Na negativu usizitupe baada ya kuskani. Ziweke kwenye vifuko vyake, ndani ya kontena lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vikishachoka, na kontena likae chumba chenye ubaridi kuliko vingine, mbali na jiko na ukuta wa bafu.

Kama bado huna uhakika una filamu za aina gani, njoo na vipande viwili vitatu dukani. Tutaviweka kwenye taa, tutakuambia ni nini na vina hali gani, na hilo hatulitozi.