Jumamosi ni Mama Ngina, msikose

Wapenzi hamjambo, wiki hii hatukai ukumbini, Jumamosi saa 11 jioni tukutane Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa, chini ya mibuyu, mje na watoto mkitaka. Mi pale ndo mahali pangu jamani, tangu mamangu afariki nikilemewa naenda nakaa ukutani naangalia meli zikiingia bandari ya Kilindini, zapita karibu mpaka wawaona mabaharia wamesimama juu, na mkononi nna mihogo ya kukaanga ya moto imekamuliwa ndimu ikatiwa pilipili, basi kifua chafunguka chenyewe. Kila mtu aje atwambie mahali pake pa kupumua ni wapi, hata kama ni jikoni kwa nyanya. Alokosa nauli anitumie meseji kando, asinyamaze tafadhali.