Shukrani kwa Muuguzi Aliyenielewesha Nyonga Bandia
Kwako muuguzi wa zamu ya jioni, ambaye sikuwahi kukuuliza jina: nakushukuru kwa dhati kwa muda ulionipa siku chache kabla sijabadilishiwa nyonga. Daktari alikuwa amenitajia kauri, chuma na plastiki, nami nikaitikia tu bila kuelewa. Wewe ulikunja ngumi, ukaizungusha ndani ya kiganja cha mkono wa pili ili nione kichwa, yaani ile sehemu ya mviringo juu ya mfupa wa paja, kinavyocheza ndani ya kikombe cha nyonga, kisha ukafafanua kwamba kichwa huweza kuwa cha kauri au cha chuma, kwamba bitana ya kikombe mara nyingi ni plastiki ngumu, na kwamba shina linalozama katika mfupa wa paja ama hushikizwa kwa saruji maalumu, ama huachwa mfupa wenyewe uote na kulikamata, kutegemea umri na uimara wa mifupa. Hapo ndipo nilipopata maswali ya kumrudia nayo daktari. Ulinihimiza pia nitibiwe jino lililooza kabla ya upasuaji, maana vijidudu vya kinywani huweza kusafiri kwa damu hadi kwenye kiungo kipya. Jino hilo nilikuwa sijamwambia mtu. Asante sana, dada yangu.