Sharti la kazi liwabane na wanaotoa ruzuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kila mpango huu unapotajwa, iwe kwenye daladala au kwenye mkutano wa kijiji, hakosi mtu wa kusema kwamba maskini wasipewe pesa za bure, wafanye kazi kwanza, wafundishwe kujitegemea. Mimi sipingi kazi, na walengwa, yaani wanaopokea ruzuku, ninaowafahamu hawaipingi. Ninachopinga ni sharti linalombana anayepokea huku anayetoa akibaki huru.

Anayesema pesa za bure hajui mpango unavyoendeshwa. Tangu ulipozinduliwa mwaka 2012, kaya yenye watoto hupata sehemu ya ruzuku kwa kutimiza masharti: mwanafunzi ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo, mtoto mchanga apelekwe kliniki. Kaya yenye mtu mwenye nguvu iliingizwa pia kwenye ajira za muda, yaani kuchimba malambo, kulima barabara za kijiji, kuotesha miche, kuchimba makinga maji. Katika awamu ya kwanza mlengwa alifanya kazi siku 15 kwa mwezi, kwa miezi minne, kwa ujira wa Sh2,300 kwa siku. Aliyemaliza siku zote 60 alipata Sh138,000 kwa mwaka, na siku ambayo hakufika hakulipwa. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, nayo ilikuwa na ajira hizo. Sasa bure iko wapi hapo?

Nenda kwenye lambo linalochimbwa, asubuhi, uangalie ni nani walioshika zana. Utakuta wengi ni wanawake. Mmoja anapiga sururu, mwingine anajaza karai kwa koleo, wengine wamejipanga mstari wakipandisha udongo hadi kwenye tuta. Pembeni, chini ya mti, zimetandikwa kanga mbili tatu na watoto wamelazwa juu yake. Anayewafukuzia nzi na kuwapa uji ni msichana wa miaka tisa au kumi, na ni siku ya shule.

Hilo linaniuma kuliko yote. Mama akibaki nyumbani kulea, anakosa ujira. Akienda kazini na kumwachia binti mtoto, mahudhurio ya binti yanashuka na ruzuku ya shule inakatwa. Masharti mawili ya mpango mmoja yanagongana ndani ya nyumba moja, na anayelipa ni mtoto wa kike. Hakuna mtu aliyekaa akapanga ubaya huo. Ni kwamba aliyeandika sharti la kazi alimhesabu mama kama mikono miwili, hakuuliza mgongoni amebeba nini.

Dawa ipo, wala si ghali. India, katika sheria yao ya ajira za vijijini ya mwaka 2005, waliweka kwamba watoto wa chini ya miaka sita wanaoletwa kazini wakifika watano au zaidi, mmoja wa wanawake wale wale apewe kazi ya kuwalea, naye alipwe ujira wa siku kama wenzake. Gharama yake ni ujira wa mtu mmoja, turubai la kivuli na ndoo ya maji safi. Ethiopia nao, katika mpango wao kama huu ulioanza 2005, mjamzito na mama anayenyonyesha huondolewa kwenye kazi za mikono na kuendelea kupokea ruzuku yake. Kila kijiji chetu chenye mradi wa ajira za muda kingeweza kuanza na hilo la mlezi bila kusubiri wafadhili.

Jambo la pili ni msimu. Ajira hizi zimekusudiwa kipindi cha hari, wakati ghala liko tupu na mavuno bado. Nia ni njema. Lakini kwa sisi wa kanda ya kati, tunaopata mvua mara moja kwa mwaka, njaa na kilimo huja pamoja. Mtama na uwele havingoji. Mwanamke akitumia siku 15 za Januari kwenye tuta la lambo, shamba lake linapaliliwa na nani? Kamati za vijiji zinajua vizuri ni wiki zipi mtu anaweza kubanduka shambani. Ziachiwe zipange tarehe, na mlengwa aruhusiwe kuzisogeza siku zake bila kuhesabiwa mtoro.

Nije kwenye malipo, maana hapa ndipo usawa unapokosekana waziwazi. Kibarua anayepalilia shamba la jirani hulipwa jioni ile ile, na mchana amekula ugali wa mwenye shamba. Mlengwa wa ajira za muda hufanya kazi leo na kusubiri. Ujira ukichelewa, anakwenda dukani kukopa unga, na muuza duka anampandishia bei kwa sababu anajua hana pa kwenda. Pesa ikija imeshaliwa. Mlengwa akikosa siku moja anakatwa. Malipo yakichelewa mwezi, nani anakatwa? Sheria ile ya India iliweka siku 15 kuwa ukomo wa kulipa ujira, na ukipita, mfanyakazi alikuwa na haki ya fidia. Nasi tuwe na ukomo ulioandikwa, ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kando ya orodha ya mahudhurio.

Kuhusu mafunzo nina imani kubwa. Vikundi vya kuweka akiba na kukopa vimewapa wanawake wengi mtaji wao wa kwanza, na mafunzo ya biashara ndogo yanayofuatiwa na ruzuku ya uzalishaji ni wazo zuri. Lakini chukua mfano wa kuku, mradi unaopendwa kuliko yote. Mtu anafundishwa kujenga banda, kuchanganya chakula, kuandika mapato na matumizi. Kisha kideri, ugonjwa unaoua kuku, kinapita kijijini, na ndani ya wiki banda ni tupu. Chanjo ipo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na kumchanja kuku mmoja kunagharimu pesa kidogo sana. Tatizo ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo mwenye kuku sita hawezi kukinunua peke yake. Semina isiyopanga siku ya kuchanja kwa pamoja, ikimhusisha ofisa mifugo wa kata, imemfundisha mtu kufuga kuku watakaokufa. Kuhudhuria semina ni sharti la mlengwa. Basi kumletea chanjo kuwe sharti la mwendesha semina.

Na wapo ambao kazi haiwahusu kabisa: wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu mkubwa, bibi anayelea wajukuu yatima. Mpango unawatambua, lakini midomo ya watu haiwatambui. Kenya huwalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea Sh2,000 za kwao kwa mwezi kupitia mpango wao wa Inua Jamii bila kuwadai jembe. Majaribio yetu wenyewe ya ruzuku katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yaliyoanza kulipa 2010, yalionyesha kaya zilizopata ruzuku zikijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii na kuongeza mifugo. Walevi tunaoambiwa wangekunywa pesa yote hawakuonekana kwenye matokeo hayo.

Ombi langu kwa wanaoandaa miongozo ni kwamba ukurasa unaoorodhesha wajibu wa mlengwa uwe na safu ya pili ya wajibu wa mtoaji: tarehe ya mwisho ya kulipa ujira, mlezi wa watoto kwenye kila eneo la kazi, kalenda iliyopitishwa na mkutano wa kijiji, na siku za chanjo baada ya mafunzo. Usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, walengwa wakiwepo, kabla jembe la kwanza halijainuliwa.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma