Faili za Ukraine zisomwe na kwetu

Ndugu Mhariri,

Tangu Ukraine ipitishe sheria ya mwaka 2015 ya kufungua nyaraka za polisi wa siri wa Kisovieti, mtu yeyote anaweza kuomba faili na kuisoma. Majalada mengi yana mhuri: "Ihifadhiwe milele."

Amri namba 00447 ya polisi hao wa siri, ya Julai 1937, ilipangia kila mkoa idadi ya watu wa kukamatwa: kundi la kwanza wapigwe risasi, la pili wapelekwe kambini. Idadi ilitangulia, majina yakatafutwa baadaye! Mwongozaji wa tamthilia Les Kurbas na mwandishi Mykola Kulish, wote wa Ukraine, waliofungwa visiwa vya Solovki, waliuawa Novemba 3, 1937 katika msitu wa Sandarmokh, kaskazini mwa Urusi, pamoja na mamia ya wafungwa wenzao.

Kinachoniuma zaidi ni uongo uliofuata. Mwaka 1955 KGB, yaani polisi hao wa siri, iliagiza familia ziambiwe, kwa mdomo tu, kwamba ndugu yao alifia kambini kwa maradhi, na tarehe ikabuniwa. Wajane wakawa wanawaombea marehemu wao siku isiyo yao.

Naomba gazeti lako litoe japo ukurasa mmoja kwa habari hizi.

Msomaji wenu wa kila siku