Barua kwa mwanangu: ile 4294967297 yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, babaako yuko shamba na karafuu zake. Nimesoma ujumbe wako. Unasema 4294967297 ni namba tasa, kwa kuwa umeigawa kwa tasa zote zilizo chini ya 100 na kila mara ikabakisha. Kazi umefanya, ila ushahidi hautoshi. Kipeuo chake cha pili kinapita 65536 kidogo, na kwa njia yako ilikupasa ufike huko ndipo useme.

Aliyekutangulia ni mtu mzito. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa na 3, 5, 17, 257 na 65537. Kila moja huizaa ya pili yake: toa 1, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe, kisha ongeza 1. Zote tano ni tasa, naye akaamini mlolongo mzima uko hivyo. Mnunuzi wa karafuu hapa kwetu hutia mkono mpaka chini ya gunia, hata pishi za juu ziwe kavu vipi. Ya sita ndiyo hiyo yako, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaipasua: 641 × 6700417. Hadi leo haijapatikana tasa nyingine katika mlolongo huo.

Sasa, 641 ni ya 116 katika orodha ya namba tasa. Ukipita moja moja utachoka. Lakini Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi andika 65, 129, 193, 257, uendelee hivyo, ufute zisizo tasa. Kabla ya 641 zinabaki nne tu: 193, 257, 449 na 577, na ukizijaribu zote zinabakisha. (Uthibitisho wenyewe tutauandika pamoja ukija likizo, kwa simu hauelezeki.)

Kuhakiki huhitaji hata kalkuleta. Namba yako ni 65536 × 65536, ukiongeza 1. 65536 ukiigawa kwa 641 hubaki 154. Zidisha 154 kwa 154, upate 23716. Nayo igawe kwa 641, hubaki 640. Kwa hiyo 65536 × 65536 hubakisha 640, na ile 1 ya mwisho inakamilisha 641. Namba ya tarakimu kumi, na hukuandika hata moja inayozidi tarakimu tano! Nimefundisha hisabati miaka mingi na hesabu hii bado hunichekesha kwa raha.

Ile 6700417 nayo ni tasa, lakini usilikubali neno langu. Kigawo chake ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo kanuni ya 64 inaishika. Anzia 641 yenyewe, usivuke 2589, kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki hapo. Nitumie hesabu zote, si jibu tu, na uandike kwa kalamu. Picha ya penseli siioni vizuri kwenye simu hii.

Mamaako