Damu kwenye mkojo wa mzee isimalizwe kwa vidonge vya kichocho

Mhariri,

Makala za saratani na uzee tunazosoma magazetini mara nyingi huishia palepale: mboga za majani, mazoezi, punguza chumvi. Hatuna ugomvi na mchicha. Lakini mzee wa huku Mwanza, wa Misungwi, Kwimba au Magu, aliyelima mpunga miaka 40, maji yakimfika magotini, ana hatari nyingine ambayo haiko kwenye sahani. Iko kwenye jaruba, na huonekana kwenye mkojo: kichocho.

Kwanza tutenganishe vichocho viwili, maana hata wenyeji wa kanda hii huvichanganya. Kichocho kinachowapata wavuvi na wanaochota maji ufukweni mwa Ziwa Victoria zaidi ni cha tumbo. Mayai yake huishia kwenye utumbo na ini. Cha mkojo huenezwa na konokono wa jamii nyingine, anayekaa kwenye malambo, madimbwi ya msimu na majaruba. Kiangazi hujifukia kwenye tope, mvua ikinyesha anaibuka. Hiki cha mkojo ndicho ambacho shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikiweka mwaka 1994 kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya kibofu.

Mnyoo jike wa kichocho hutaga mayai, mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Mwili unapambana na yaliyonasa, ukuta unavimba na kuweka makovu, seli zinajijenga upya mwaka baada ya mwaka, na humo ndimo kasoro zinapoingia. Hivyo aliyeambukizwa akichunga ng'ombe na miaka 10 anaweza kuugua saratani akiwa na 50 au 60. Vidonge huua minyoo; makovu hayafutiki.

Sigara inaongeza mzigo juu ya mzigo. Sumu za moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kwenye kibofu saa kadhaa zikisubiri kukojolewa. Mvutaji ana hatari ya saratani hii takribani mara tatu ya asiyevuta, hata kama hajawahi kukanyaga jaruba. Kuacha ukiwa na miaka 65 bado kuna faida, kwa hiyo ile kauli ya "mimi nimeshachelewa" haina msingi.

Tatizo liko mapokezini. Mzee akisema anakojoa damu, kwa kuwa huku karibu kila mtu alishaugua kichocho, anapewa vidonge na kurudi nyumbani. Bibi ataambiwa ni UTI na kupewa antibayotiki, raundi ya tatu, ya nne. Babu ataambiwa ni tezi dume na kupimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume ambacho hakioni kibofu hata kidogo. Baada ya wiki damu inakata yenyewe, nyumbani wanashukuru Mungu, na miezi mitatu baadaye inarudi. Damu ya saratani ya kibofu ndivyo ilivyo: huja na kuondoka, na mwanzoni mara nyingi haina maumivu. Ikifika hatua ya mabonge, kwenda haja kila nusu saa na maumivu ya kinena, muda mwingi umeshapotea.

Kupima kichocho kwenyewe kuna namna yake. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kuonekana safi. Mgonjwa atembee kidogo kabla, na asiache matone ya mwisho, maana humo ndimo mayai yanapojaa. Yakipatikana, dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula, bila kutafuna kwa sababu ni vichungu mno. Haiui minyoo michanga, hivyo wiki chache baadaye apimwe tena.

Sasa hapa ndipo tunapoomba wenzetu wa zahanati wasisimame. Mtu wa miaka 50 na zaidi mwenye damu kwenye mkojo apewe rufaa ya ultrasaundi hata kama mayai yameonekana, kwa kuwa kichocho na saratani vinaweza kukaa kwenye kibofu kimoja. Anywe maji kama lita moja saa moja kabla ya kipimo na asikojoe. Kibofu kitupu huficha uvimbe mdogo. Picha safi nayo haitoshi ikiwa damu inaendelea: inabaki kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo na kuchukua kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Kwa kanda hii rufaa hiyo ni hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambako matibabu ya saratani yapo, mionzi ikiwemo. Si lazima familia iuze ng'ombe kwenda Dar es Salaam.

Kwa mama aliyekoma hedhi kuna mtego mwingine: damu huenda haitoki kwenye mkojo bali kwenye kizazi. Akague kwa kitambaa cheupe kabla ya kukojoa. Kile kipimo cha saratani cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi hakiaminiki sana kwake, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana limeshaingia ndani. Aombe kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, na kama damu imeshatoka aonwe na daktari wa wanawake moja kwa moja.

Wanaoendelea kulima, maji ya kuoga ya lamboni yakae siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono, au yachemshwe. Jarubani viluwiluwi vya kichocho huwa vingi jua likiwa utosini. Kuingia asubuhi mapema hupunguza hatari, haiondoi.

La mwisho ni kwa halmashauri zetu. Kampeni za dawa za kichocho zimezoea kuishia kwenye shule za msingi. Mwongozo wa WHO wa 2022 unashauri dawa kwa wote kuanzia miaka 2, watu wazima na wazee wakiwemo, pale maambukizi yanapofika asilimia 10. Ugawaji ujao upite na vijijini, kwenye majaruba.

Wahudumu wa afya,
Misungwi, Mwanza